Zilibaki Mbili

Kila mwaka nafundisha darasa la tano namba tasa, na kila mwaka natafuta njia ya kulizunguka hilo neno. Nawaambia watoto kuna namba zinazogawanyika kwa moja na kwa zenyewe tu, hazina kigawo kingine, kama saba, kumi na moja, kumi na tatu, andikeni. Halafu mmoja wao, na lazima awe wa dawati la mbele, ananyoosha mkono na kuuliza zinaitwaje. Nageukia ubao. Naliandika neno kwa chaki bila kulitamka, nao wanalisoma kwa pamoja darasa zima, na wale ambao kwao wanafuga wanacheka, maana nyumbani tasa ni ng'ombe wa kupelekwa mnadani. Sijui nani alikaa akaamua namba isiyo na vigawo iitwe hivyo. Ninachojua ni kwamba mtu huyo hakuwahi kuishi Nyakahura.

Mwezi uliopita Mwalimu Adventina alifariki huko Kasulo. Nilipata habari nikiwa nasahihisha madaftari, nikaendelea kusahihisha hadi rundo likaisha, na kesho yake nikagundua nimeweka vema kila mahali, hata penye makosa ya wazi. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, ule niliokaa kwake nikiwa darasa la saba. Habari za wazazi wangu, na kilichonifanya niishi kwa mwalimu huku wilaya ya Biharamulo badala ya kwetu Bugarama, sitazieleza. Si siri, ila zina watu wake. Mwaka ule niliivunja nyumba ya Mwalimu kwa neno moja. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kila niliyemsimulia ameniambia mtoto hana kosa. Nimechoka kuambiwa hivyo.

Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma ya shule: vyumba viwili na sebule, bati juu, na kuta za ndani zilizoishia usawa wa mlango kwa sababu aliyejenga aliishiwa matofali. Kwa hiyo katika nyumba ile hapakuwa na mazungumzo ya watu wawili. Mtu akipiga chafya chumbani, wa sebuleni anamwambia afya. Sebuleni kulikuwa na meza moja, viti vinne vyenye vitambaa alivyofuma Mwalimu mwenyewe, na kabati la vyombo lililopasuka kioo kabla sijafika. Mlangoni vilikaa viatu vya mvua vya mume wake. Alikuwa afisa mifugo, watu wakimwita Bwana Mifugo hata kanisani, na viatu vile vilinuka dawa ya josho kiasi kwamba hadi leo nikipita karibu na josho nasikia njaa, maana harufu ile ilikuwa ikifika nyumbani pamoja na chakula cha mchana. Yeye nilimwita Baba, kama adabu ilivyotaka. Mwalimu nilimwita Mwalimu, darasani na nyumbani, hata alipokuwa akininyoa nywele kwa wembe Jumamosi huku ameubana uso wangu katikati ya magoti yake. Walikuwa wameoana miaka tisa na hawakuwa na mtoto. Mwalimu alikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Habari ya namba ilianza kwa majigambo yangu. Nilikuwa nimepata zote kwenye zoezi la namba tasa zilizo chini ya mia, nikasema mezani, mdomo ukiwa umejaa ndizi na maharage, kwamba hakuna namba ya kunishinda mimi. Bwana Mifugo akacheka, akasema huyu ataolewa na ubao. Mwalimu alimaliza kula, akanawa, akaleta daftari jipya la mraba, akaandika katikati ya ukurasa wa kwanza: 999,919.

"Soma."

"Laki tisa, elfu tisini na tisa, mia tisa na kumi na tisa."

"Haya, Roza. Ni tasa au si tasa?"

Nilianza na zile mbinu za haraka. Si namba shufwa, kwa hiyo mbili haimo. Haiishii na sifuri wala tano. Jumla ya tarakimu zake ni arobaini na sita, kwa hiyo tatu nayo haimo. Saba ikabakiza nne, kumi na moja ikabakiza nane, kumi na tatu ikabakiza kumi na moja, na hapo nikaanza kutokwa jasho. Nikamuuliza nitaendelea hadi wapi, maana namba hazina mwisho na mimi nina kazi ya kuosha vyombo. Akacheka. Akaniuliza elfu mara elfu ni ngapi, nikasema milioni. Na hii namba yetu imefika milioni? Bado kidogo, nikasema. "Basi kama ni zao la namba mbili, haziwezi kuwa zote mbili zimezidi elfu, zingepita milioni. Moja lazima iwe chini. Ukizijaribu tasa zote zilizo chini ya elfu na zote zikakataa, umemaliza, hata mimi siwezi kukubishia." Jumapili iliyofuata tulikaa wawili tukazipata hizo zilizo chini ya elfu. Tuliandika moja hadi elfu, tukakata za mbili, tukakata za tatu, za tano, za saba, na kuendelea, kama mtu anayechekecha unga, hadi yakabaki makapi yasiyopita kwenye chekeche lolote. Yalikuwa mia moja sitini na nane.

Mwalimu aliweka sharti: moja kwa siku, kama dawa. Nigawanye, niandike baki, kisha nizidishe na kujumlisha tena kuhakikisha nimerudi kwenye laki tisa na ushee. Nilifanya hivyo kila alasiri baada ya vyombo, yeye akiwa pembeni yangu anachambua maharage kwenye ungo au anasahihisha. Sikumbuki wakati mwingine wowote maishani nilipokuwa na furaha kama ile. Nasema bila kupamba. Harufu ya chai ya tangawizi, mvua juu ya bati inayofanya redio ya jirani isisikike, na mimi nikigawanya kwa mia moja na moja, nikifikiri sasa imeingia, imeingia, halafu ikabakiza kumi na tisa. Mwalimu akauliza bila kuinua macho, "Imekataa?" Nikamwambia imekataa. "Iache, ina kiburi." Nilianza kuzijua kwa tabia. Kumi na saba ilibakiza kumi na tatu. Thelathini na saba ilibakiza thelathini na moja, ambayo niliona ni dharau. Kufikia Pasaka nilikuwa nimeshaamini kuwa namba yetu ni tasa, na nilianza kuipenda kwa sababu hiyo, kama mtu anavyompenda mtu asiyeombaomba.

Watu nao walikuwa wakifanya hesabu zao. Kisimani wanawake walihesabu miaka ya ndoa ya Mwalimu mbele yangu kana kwamba mimi ni ndoo. Mmoja alisema, kwa lafudhi yetu ya huku, "Mwarimu anarea watoto wa watu, wake atawapata rini?" na mwingine akamjibu kwamba ndiyo maana anapenda sana hesabu, hana kingine cha kuhesabu. Darasani tulipofika mada ya namba tasa kwa marudio, msichana mmoja anayeitwa Furaha aliuliza, kwa makusudi nadhani, kwa nini zinaitwa hivyo. Sote tulijua anamlenga nani. Mwalimu akaipangusa mikono yake chaki. "Ni jina tu," akasema. "Hata wewe unaitwa Furaha na kila siku unalia." Tulicheka hadi mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia. Jioni ile alipika, akala kidogo, akasema kichwa kinamuuma.

Na kwa sababu ya zile kuta fupi, nilisikia mengine. Mwezi wa Mei, nikiwa mezani na nadhani nilikuwa nagawanya kwa mia tano na kitu, walikuwa chumbani wanazungumza kwa sauti ya chini, ile ambayo watu wazima hudhani watoto hawaisikii. Mwalimu alisema anataka kwenda hospitali mjini, na kwamba waende wote wawili. Bwana Mifugo akasema yeye haumwi. Mwalimu akasema, "Kila wiki unawapima madume wa watu, unawaambia wenye ng'ombe wasilaumu majike kabla ya kumpima dume. Wewe mwenyewe unaogopa nini?" Halafu Bwana Mifugo akatoka, akavaa viatu vyake pale mlangoni bila kuniangalia, akaenda zake. Hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Ninasema hivyo kwa kuwa ni kweli, ingawa ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya.

Mwalimu alikwenda peke yake, mara mbili. Mara ya pili, katikati ya Julai, alilala mjini na kurudi kesho yake saa tisa alasiri akiwa na bahasha ya kaki. Bibi, mama yake Bwana Mifugo, alikuwa amefika asubuhi hiyo hiyo kutoka Bugarama na mkungu wa ndizi na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Hakuja kutembea. Alikuja kusikia jibu, na hakuficha. Bibi alikuwa mtu wa Kihangaza tupu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: bei gani, punguza, chumvi, mafuta ya taa, pamoja na maneno ya ng'ombe aliyoyaokota kwa mwanawe, maana mwanawe alipokwenda kusalimia Bugarama kila jirani alimletea mnyama amwangalie. Nilimwamkia, "Shikamoo Bibi," akaitikia "Marahaba" huku macho yake yako barabarani. Mwalimu alipofika, wakakaa wawili sebuleni, bahasha iko mezani. Mimi nikatolewa nje na daftari langu, nikakae kwenye kibaraza cha nyuma.

Siku ile ilikuwa zamu ya mia tisa themanini na tatu. Nilifanya kama kawaida: mara elfu moja na kumi na saba, ikabakiza mia mbili na nane. Nikarudisha, nikahakikisha. Kwenye orodha zilibaki namba mbili, za kesho na keshokutwa. Nilikuwa nimemwona Mwalimu akishuka kwenye gari na uso wake ulikuwa umechoka mno, nami nikafikiri, kwa akili zangu zote za miaka kumi na mitatu, kwamba nina kitu cha kumfurahisha. Tulikuwa tumeahidiana siku ya kumaliza tutapika wali. Zimekataa mia moja sitini na sita, hizi mbili zitakuwa na nini cha ajabu? Sikuzigusa. Nilifunga daftari na kukimbilia ndani.

Baadaye sana niliambiwa kwamba wakati ule ule Bibi alikuwa ameshauliza daktari amesemaje, na Mwalimu alikuwa anafungua mdomo. Mimi niliingia nikiruka. Nikasema, "Mwalimu, ni tasa! Nimehakikisha, ni tasa!"

Bibi aliganda. Katika maneno ishirini ya Kiswahili aliyokuwa nayo, hilo lilikuwa moja. Aliangalia bahasha, akaniangalia mimi, msomi wa darasa la saba niliyetoka nyuma ya nyumba na daftari mkononi, na nikaona jinsi alivyoliunganisha jambo. Akasema kwa Kihangaza, "Basi. Mtoto ameshasoma."

"Hapana, Mama," Mwalimu akasema haraka, kwa Kihangaza pia. "Anasema namba. Ni hesabu ya shule."

"Namba ina tumbo?"

"Ndivyo zinavyoitwa, Mama. Mwulize."

Bibi hakuniuliza. Aliyeniuliza ni Mwalimu, na aliniuliza kwa Kiswahili, taratibu, akinitazama usoni: "Roza. Umemaliza zote?" Leo najua alikuwa ananipa mlango. Ningesema bado, zimebaki mbili, angeweza kusema, Mama, unaona, mtoto hajui anachosema, hata hesabu yake hajaimaliza. Pengine isingesaidia. Pengine ingesaidia. Lakini mimi niliona ananikagua, kama anavyokagua darasani, na sikutaka aibu mbele ya mgeni. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu. Zote."

Alitikisa kichwa, akaacha. Bibi alikuwa ameshaanza kulia, kilio cha msiba, mikono kichwani, akitaja neno la kwetu la mwanamke wa namna hiyo, ambalo sitaliandika. Majirani walikuja. Mwalimu alitoa karatasi kwenye bahasha akajaribu kuwasomea, lakini ilikuwa ya Kiingereza, na anayesomea watu karatasi ya kujitetea, tena ya lugha wasiyoijua, ni nani wa kumwamini? Bwana Mifugo alirudi kutoka mnadani jioni, akakuta sebule imejaa. Mama yake akamweleza. Ukimwondoa Mwalimu, yeye alikuwa mtu pekee mle ndani aliyeweza kuisoma ile karatasi, na aliisoma, nilimwona, alisimama mlangoni na viatu vyake akaisoma yote. Kisha akaikunja na kuiweka mfukoni. "Mama," akasema, "tumwachie Mungu."

Watu walipoondoka Mwalimu alikuja jikoni nilikokuwa najifanya nachochea moto. Akaomba daftari. Alilifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akaona mia tisa themanini na tatu, akaona baki, akaona chini yake hakuna kitu. Nilidhani atanichapa, na nilitamani anichape. Akalifunga, akanirudishia, akasema kesho kuna shule nikalale.

Yaliyofuata yalikwenda kwa utaratibu, kama mambo ya ukoo yanavyokwenda. Vikao vitatu. Shangazi mmoja wa Bwana Mifugo aliyekuja akakaa mwezi mzima akila na kutathmini vyombo vya kabatini. Mwalimu aliendelea kutufundisha hadi mtihani wa Septemba, hakukosa hata kipindi kimoja, na alasiri hatukukaa tena mezani. Nilifaulu. Yeye aliomba uhamisho, akapelekwa Kasulo, na siku alipoondoka kwa lori la mahindi nilibeba godoro lake kichwani hadi barabarani. Alinishika kidevu akasema nisome. Bwana Mifugo alioa mwingine kabla ya Krismasi, na baada ya miaka akamwacha na kuoa mwingine tena, na nyumbani kwake hakijawahi kusikika kilio cha mtoto hadi leo. Bibi alikufa akisubiri. Sina furaha nalo hilo, hata kidogo.

Namba zile mbili sikuzifanya. Mtu anaweza kuniuliza nini kilinizuia, ni kazi ya dakika tano. Nilizibeba sekondari, chuo cha ualimu, hadi shule yangu ya kwanza, na kila nilipolishika lile daftari mkono ulikuwa mzito. Nilijiambia nikizifanya na zikakataa, nitakuwa nimesema kweli kwa bahati, na hilo nililiona ni baya zaidi. Kwamba zinaweza kukubali, sikuwahi kuliwaza. Hadi miaka sita iliyopita, nikiwa mwalimu mzee mwenye miwani, msichana wa darasa la saba aitwaye Anitha akaniuliza namba tasa kubwa kuliko zote ninayoijua ni ipi. Mkono wangu ukaandika wenyewe ubaoni, 999,919. Nikawaambia nimeijaribu mimi mwenyewe nikiwa kama wao, kwa tasa zote. Uongo ule ule, na sauti ile ile.

Kesho yake Anitha alinisubiri mlangoni mwa ofisi. "Samahani Mwalimu. Ile namba inagawanyika." Nikamuuliza aliigawanya kwa ngapi. "Mia tisa tisini na moja. Inaingia mara elfu moja na tisa, haibaki kitu." Nikamuuliza amezijaribu zote hizo kwa siku moja? Akasema hapana, alianzia juu, maana aliona mimi lazima nilianzia chini, na ukianzia chini unachoka mwishoni. Ya kwanza kutoka juu ilikataa. Ya pili ikakubali. Nilikaa kwenye benchi la wazazi nikafanya kwenye kiganja kwa peni: mia tisa tisini na moja mara elfu, mara tisa, jumlisha. Ilikuwa kweli. Haikuwa tasa. Ilikuwa na vigawo viwili vikubwa, kimoja kimepungua tisa kufika elfu na kingine kimezidi tisa, na namba ya namna hiyo haiokotwi barabarani. Kuna mtu aliitengeneza.

Jumamosi nilikwenda Kasulo. Mwalimu alikuwa amestaafu, ana nyumba ndogo na shamba la maharage, amekuwa mwembamba na nywele nyeupe tupu. Nilimwamkia, akaniuliza mimi ni nani, nikasema Roza. "Roza wa Nyakahura?" Akaniingiza ndani, akaweka chai, na mimi sikuweza kungoja hata kikombe kijae.

"Mwalimu, ni mia tisa tisini na moja."

Aliendelea kumimina. "Umejua lini?"

"Wiki hii."

"Miaka yote hiyo, Roza?"

"Niliogopa."

Akaketi. Aliniambia alikaa na ile namba Krismasi nzima kabla hajanipa, akitafuta mbili za kuzidisha zitakazojificha mbali kabisa, mwisho wa orodha. "Mwaka ule kila mtu alikuwa ananifanyia hesabu, na wote walikuwa na jibu. Nikasema nitafute mtu mmoja tu, aifanye hadi mwisho, aone kwamba kitu kinaweza kukataa mara mia moja sitini na sita na kisiwe tasa. Nikakuchagua wewe." Akatabasamu kidogo. "Nawe ukaja kunipigia kelele sebuleni."

Nilimuuliza karatasi ilisema nini, ingawa kwa wakati ule nilishakisia. Alisema ilisema yeye hana tatizo lolote, na kwamba mume aje apimwe. Nikamuuliza mbona hakuwaambia basi kwamba hata namba yenyewe si tasa, kwamba nimekosea. "Nimwambie nani? Hakuna aliyeuliza habari za namba." Kisha akanieleza, bila kulalamika, kwamba huku Kasulo alitokea mjane mmoja mwanaume, fundi cherehani, mtu wa taratibu, wakakubaliana. Dada zake huyo fundi wakaenda kuuliza Bugarama, kwa akina Bibi. Huko wakaambiwa hospitali ilishathibitisha, hata mtoto wa shule aliisoma karatasi kwa sauti. Fundi hakurudi. Mwalimu alikuwa na miaka thelathini na sita wakati huo. "Ningeweza bado," akasema, na hiyo ndiyo sentensi inayoniamsha usingizini.

"Kwa nini hukungoja siku mbili?" akaniuliza.

"Nilitaka ufurahi."

Alicheka, akacheka kweli, kisha akajifunika uso kwa kitenge na mabega yakaendelea kutikisika, na sikujua tena kama anacheka. Mimi nililia kama mjinga. Nilipiga magoti, nikamwomba msamaha, akanivuta bega nikae kitini. Akasema chai inapoa. Baada ya siku ile nilikwenda kila likizo, tukapalilia maharage, tukazungumza habari za watoto wakorofi na bei za mbolea, na namba hatukuitaja tena. Nadhani alinisamehe. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

Siku ya mazishi nilifika mapema. Walikuwepo kaka yake mmoja mzee, wana wa kaka, majirani, na walimu wenzake wa zamani. Kijana mmoja wa kaka yake, aliyekuwa anaendesha shughuli, alinifuata chini ya turubai na karatasi na kalamu. Akasema mimi ni mwalimu na nimemfahamu shangazi siku nyingi, niwasaidie kuandika wasifu wa marehemu, asome kabla ya padri. Alikuwa na mpangilio wake: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, watoto, kuugua, basi. Niliandika kuzaliwa. Niliandika elimu. Kwenye kazi niliandika sana hadi akaniomba nipunguze. Kwenye ndoa niliandika mstari mmoja. Kisha kalamu ikasimama.

"Hapo andika tu hakujaliwa kupata mtoto," akasema.

Nikamwambia tuuruke mstari huo.

"Watu watauliza, Mwalimu. Kila wasifu una watoto."

Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nayo yote mdomoni: bahasha, Bwana Mifugo mlangoni akisoma, fundi cherehani, mimi. Kaka yake mzee alikuwa anatutazama, padri ameshavaa, watu wamesimama juani, na vile vile nilijua wataniuliza wewe ulikuwa nani katika hayo yote. Nikainamisha kichwa, nikaandika: Marehemu hakujaliwa kupata mtoto. Kijana akaichukua karatasi, akaiangalia juu hadi chini.

"Asante, Mwalimu," akasema. "Una mwandiko mzuri."